Umbo la SUV ya kwanza ya McLaren litatokana na mahali pa injini

Tangu Aprili 2025, kampuni ya uwekezaji ya CYVN Holdings ya Abu Dhabi ilipokamilisha ununuzi wa McLaren Automotive, watengenezaji wa magari ya spoti wa Uingereza, na kuiunganisha na kampuni changa ya magari ya Forseven, lile swali la gari la familia ambalo wakubwa wa McLaren huko Woking walikuwa wakilizima kila mwaka limerudi mezani. Uongozi mpya chini ya Nick Collins haujaficha kwamba McLaren haitaendelea kuishi kwa magari ya viti viwili peke yake. Wapenzi wa magari wakasikia neno moja tu: SUV, yaani gari la familia lililoinuka juu. Mitandao ikajaa picha za kuchora kwa kompyuta, na karibu zote zina asili moja. Mchoraji anachukua gari la viti viwili la McLaren, 720S au Artura, analiinua, analiongezea milango miwili na tairi pana, analipaka rangi ya papai, kazi imekwisha. Halafu watu wanaanza kubishana kama taa zimependeza.

Nadhani ubishi huo umekosea mahali pa kuanzia. Umbo la SUV ya kwanza ya kampuni yoyote ya magari ya spoti huamuliwa mapema mno, kabla mchoraji hajagusa taa, na wanaoliamua ni wale wanaopanga injini ikae wapi, watu wakae wapi na hewa ipite wapi. Kwa McLaren jambo hili ni zito kuliko lilivyokuwa kwa Ferrari, Porsche, Lamborghini au Aston Martin. Hao wote wana magari ya zamani yenye injini mbele ya dereva. McLaren haijawahi kuuza gari la barabarani lenye nembo yake puani na injini mbele. Haina babu wa kumwiga. Kwa hiyo picha zile, hata zikipendeza namna gani, zinaonyesha gari ambalo mtu akikaa na rula na karatasi hawezi kulijenga.

Tuanze na mwili wa McLaren wenyewe. F1, gari lao la barabarani la mwaka 1992, lililobuniwa na Gordon Murray na kuchorwa na Peter Stevens, lilimweka dereva katikati, abiria wawili nyuma yake kidogo kushoto na kulia, na injini ya V12 (silinda kumi na mbili) ya BMW ya lita 6.1 nyuma ya migongo yao. Yalitengenezwa 106 tu. MP4-12C ilipoanza kuuzwa mwaka 2011, dereva alirudi upande mmoja kama kwenye magari mengine, lakini injini haikuhama. Gari hilo lilijengwa juu ya beseni la nyuzi za kaboni, kiunzi chepesi wanamokaa watu, lenye uzito wa kilo 75, na wadogo zake wote wamefuata njia hiyo. Mpangilio huo ndio uliozaa sura tunayoipenda. Injini ikiwa nyuma, pua inaweza kuwa fupi na ya chini. Rejeta kubwa zinakaa ubavuni, nyuma ya milango. Kioo cha mbele kinasogea mpaka karibu na magurudumu, na dereva anaiona barabara ikianza pale pale mbele ya miguu yake. 720S ya mwaka 2017 ililifikisha wazo hili mbali zaidi: mlango wake una ngozi mbili, na hewa inapita kati ya ngozi hizo kwenda kwenye rejeta, hivyo ubavu haujatobolewa tundu kubwa. Taa zimezama ndani ya mashimo kama ya macho ya fuvu, na mashimo hayo nayo yanavuta hewa. Kutoka ardhini mpaka paani ni milimita 1,196, yaani mtu mzima akisimama kando yake paa linamfika karibu na kifua.

Sasa waweke watu wanne kwenye gari hilo, na mizigo yao ya safari. Abiria wawili wa nyuma wanataka kukaa pale pale injini ilipo. Hapo ndipo hesabu yote inapoanzia, na hapo ndipo picha za mitandaoni zinaponyamaza. Ukitazama nyingi, mlango wa nyuma umechorwa juu ya eneo ambalo kwenye Artura kuna V6, turbo mbili na bomba za moshi zinazochemka. Mchoraji hakuulizwa injini imekwenda wapi, naye hakujiuliza.

Kuna wanaosema injini ibaki katikati, viti vya nyuma vibanwe mbele yake. Limewahi kufanyika. Ferrari iliuza Mondial ya viti vinne kuanzia 1980 hadi 1993, injini ikiwa nyuma ya viti vya nyuma. Yeyote aliyewahi kujaribu kukaa kiti cha nyuma cha magari ya aina hiyo anajua kwamba magoti yanapanda mpaka kidevuni, na hata hivyo Mondial haikuwa na mahali pa kupakia mabegi ya watu wanne. McLaren wenyewe walilijaribu tatizo la mizigo kwenye GT ya mwaka 2019. Walitandika nafasi ya lita 420 juu ya injini, chini ya kioo cha nyuma, na kuongeza lita 150 puani, na ikabidi wafanye kazi kubwa kuzuia joto la injini lisiive mabegi ya mteja. Ni kazi ya kiufundi inayostahili heshima. Lakini bado ni gari la watu wawili.

Lamborghini walikwenda mbali zaidi, na historia yao ndiyo ningependa kila anayechora SUV ya McLaren aisome kwanza. Mwaka 1977 walipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Geneva gari la porini lililoitwa Cheetah, V8 ya Chrysler ikiwa nyuma. Mwaka 1981 wakarudi Geneva na LM001, injini bado nyuma. Kosa lilikuwa lile lile. Gari refu kwenda juu, lenye springi laini za porini, likikanyagwa mafuta linakaa chini kwa nyuma na kunyanyua pua, tairi za mbele zinapungukiwa na uzito, na usukani unakuwa mwepesi wakati dereva anauhitaji zaidi. Kwenye gari la chini kama Countach, gari lao la spoti la wakati huo, tatizo hilo halionekani sana kwa sababu uzito uko karibu na lami. Linyanyue, na kila kilo iliyo nyuma inapata nguvu ya kulipindua. Lamborghini wakakubali, wakaihamishia mbele V12 ya Countach, na LM002 ikaingia sokoni mwaka 1986 ikiwa na boneti yenye nundu kubwa ya kufunika kabureta. Kufikia 1993 yalikuwa yametengenezwa takriban 300. Tazama sura ya LM002 kwa makini: boneti ndefu, kioo cha mbele kilichosimama, bodi ya pembe pembe. Haifanani na Countach hata kidogo, ingawa ilibeba moyo wake. Ilipewa sura na mahali injini ilipolazimika kukaa.

Upande wa pili una hoja ambayo siwezi kuipuuza, na kwetu Afrika Mashariki tuna haki ya kuisema kwa sauti. Gari la spoti linaweza kuinuliwa bila kubadilishwa mpangilio wake. Mwaka 1978 Porsche walileta Kenya 911 SC zilizonyanyuliwa mpaka sentimita 28 kutoka ardhini kwa ajili ya Safari Rally, injini zikiwa nyuma kabisa kama kawaida ya 911, na Vic Preston Jr akamaliza wa pili kwenye barabara ambazo zilikuwa zikivunja magari yaliyojengwa kwa ajili ya porini. Kumbukumbu ya magari yale ndiyo iliyochochea mtindo wa karibuni. Mwaka 2022 Porsche walitoa 911 Dakar, iliyopandishwa milimita 50, na Lamborghini wakatoa Huracán Sterrato, iliyopandishwa milimita 44, injini yake ya V10 ikiwa katikati. Sterrato yalitengenezwa 1,499. Kwa nini McLaren wasifanye hivyo?

Wanaweza, na ningefurahi kuliona. Ila hiyo haitakuwa SUV. Sterrato ina viti viwili. Hatimaye mnunuzi wa SUV ananunua nafasi ya watu. Anataka kumpeleka mtoto shule asubuhi na wazazi hospitali mchana, bila kubadilisha gari na bila kuacha kujisikia anaendesha kitu cha maana. Kunyanyuka kutoka ardhini ni sehemu ndogo tu ya hitaji hilo. Ndiyo maana Ferrari, walipozindua gari lao la milango minne, Purosangue, Septemba 2022, walikataa katakata kuiita SUV, na urefu wake wa milimita 1,589 kwenda juu unawapa haki kiasi fulani, lakini viti vyake vinne ni viti kamili ambavyo mtu mzima anaweza kusafiri navyo. Walianza na viti, gari likafuata.

Njia nyingine ni umeme. Ukiondoa injini, swali la mahali pa injini linaonekana limekufa. Betri inalala chini ya sakafu, mota zinajificha kwenye ekseli, na pua inaweza kubaki fupi. Lotus walilitumia wazo hili kwenye Eletre, SUV yao ya kwanza, iliyozinduliwa Machi 2022 na kujengwa Wuhan, China. Wabunifu wake walitoboa bodi mahali pengi ili hewa ipite ndani yake badala ya kuizunguka, na kwenye picha za pembeni unaona mchana upande wa pili wa matundu. Ni ubunifu ambao ungefaa sana kwa McLaren. Lakini betri nayo ina mahali pake, na ni chini ya miguu ya abiria. Inapandisha sakafu, kiti kinapanda, paa linapanda, na ili gari lisionekane kama kabati, mbunifu analirefusha. Eletre ina urefu wa zaidi ya mita 5.1 na uzito wa tani mbili na nusu hivi. 720S bila vimiminiko ina kilo 1,283. Kampuni ambayo imejijengea jina kwa kuhesabu gramu za boliti ikianza maisha ya familia na gari la uzito wa 720S mbili, itakuwa imeshapoteza hoja kabla hatujafika kwenye sura. Na soko lenyewe limesita. Lamborghini waliahirisha gari lao la umeme la Lanzador hadi 2029, na Lotus Technology, pamoja na kuorodheshwa kwenye soko la hisa la Nasdaq la Marekani tangu Februari 2024, bado haijatoka kwenye hasara.

Basi tunabaki na injini mbele, pengine ikisaidiwa na mota ya umeme. Nikishakubali hilo, mambo mengine yanafuatana yenyewe, na hapa ndipo wengi watakapopata mshtuko siku ya uzinduzi.

La kwanza ni uso. McLaren haina shoo ya mbele, ule wavu wa kuingizia hewa, kwa maana ile ya BMW au Aston Martin. Haikuihitaji, kwa kuwa hewa nyingi ilikwenda ubavuni. Injini ikihamia mbele, rejeta zinahamia nayo, na rejeta zinataka mdomo. Aston Martin hawakuwa na shida hapo. Mdomo wao mpana unajulikana tangu enzi za magari yao ya DB, na SUV yao ya DBX iliyozinduliwa Novemba 2019 iliubeba ukiwa mkubwa kuliko kwenye gari lao lolote la wakati huo, ukaonekana uko nyumbani. Ferrari walikuwa na kazi ngumu zaidi, na njia waliyoitumia inafaa kuchunguzwa kwa karibu: sehemu ya juu ya uso wa Purosangue haina shoo kabisa. Hewa inaingia chini, kwenye uwazi uliofichwa na kivuli cha bampa, na kwenye mipasuko myembamba inayozizunguka taa. Ukisimama mbele yake unaona boneti ikishuka kama ulimi na giza chini yake. McLaren wakitaka kubaki bila mdomo watalazimika kwenda njia hiyo au kutafuta nyingine ngumu zaidi. Yale mashimo ya macho ya 720S huenda yakasalia. Lakini pua fupi na ya chini haitasalia. Sheria za Ulaya za kumlinda mtembea kwa miguu kwa vitendo zinalazimisha pawepo nafasi kati ya bati la boneti na vyuma vya injini, ili kichwa cha mtu akigongwa kisikutane na chuma. Nafasi hiyo inaipandisha boneti, na hakuna mchoraji anayeweza kuifuta.

La pili ni umbali kati ya gurudumu la mbele na mlango wa dereva. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kutazama kwenye gari lolote la aina hii. Injini ikikaa juu ya ekseli ya mbele au mbele yake, umbali huo unakuwa mfupi, pua inaning'inia mbele ya tairi, na gari linaonekana zito kichwani. Injini ikisukumwa nyuma mpaka ipite ekseli, boneti inarefuka, mlango unarudi nyuma, na gari linaonekana limejikunja tayari kuruka. Purosangue ina V12 ya lita 6.5 iliyokaa yote nyuma ya ekseli ya mbele na gia zake zimepelekwa nyuma, na uzito umegawanyika asilimia 49 mbele na 51 nyuma. Watu wanapoisifu kwamba "inaonekana Ferrari," wanadhani wanasifu taa. Wanachosifu ni umbali ule.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye gereji moja ya Kinondoni, fundi alikuwa na Porsche Cayenne, SUV ya kwanza ya Porsche, ya kizazi cha kwanza na Volkswagen Touareg zimekaa ubavu kwa ubavu, moja ikisubiri shokapu, nyingine ikisubiri rangi. Akaniita, akafungua mlango wa nyuma wa moja, kisha wa nyingine, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa bati. "Kaka, mlango ni ule ule," akasema. Kweli ulikuwa ule ule. Cayenne ya mwaka 2002 ilishiriki jukwaa (sakafu na mifupa ya gari) na milango na Touareg, na wabunifu wa Porsche wakabaki na pua, mkia na dashibodi za kufanyia kazi. Wakachukua uso wa 911 ya wakati ule, wakaunyoosha juu ya boneti ndefu ya V8, na gari likachekwa dunia nzima kwa ubaya. Nadhani halikustahili lawama ile kwa taa zake. Taa za 911 zilikuwa nzuri, zimewekwa tu kwenye mwili ambao haukuwa wake. SUV ya Lamborghini, Urus ya mwaka 2017, iko kwenye jukwaa la kundi la Volkswagen linalobeba pia Audi Q7 na Bentley Bentayga, na kundi la wabunifu chini ya Mitja Borkert lilifanya kazi kubwa ya kukunja na kukata bati ili jukwaa lisionekane. Walifanikiwa kwa kiasi kikubwa. Lakini ukiitazama kwa ubavu, pale kati ya gurudumu la mbele na mlango, ukoo wake unaonekana.

Hapo ndipo ninapoikataa hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ile inayosema kwamba nembo na uso vinatosha, kwa kuwa mnunuzi wa SUV hajali kilicho chini. Wanaoisema wanataja mauzo, na mauzo wanayoyataja ni ya kweli. Lamborghini waliuza magari 3,815 mwaka 2017. Mwaka 2019, Urus ikiwa sokoni mwaka mzima, waliuza 8,205. Porsche walitengeneza Cayenne ya milioni moja mwaka 2020. Kinachosahaulika ni kwamba kampuni zote mbili ziliegemea kundi kubwa lililoshalipia jukwaa, viwanda na umeme wa gari. Aston Martin hawakuwa na mgongo huo. Walijenga DBX juu ya jukwaa lao wenyewe la aluminiamu, kwenye kiwanda kipya St Athan, Wales, injini wakanunua kwa Mercedes-AMG, na kabla gari halijamfikia mteja wa kwanza ilibidi mwekezaji Lawrence Stroll na wenzake waiokoe kampuni mwaka 2020. DBX ni gari zuri, kwa macho yangu lenye ubavu ulionyooka vizuri kuliko la Lamborghini. Halikuiondolea kampuni madeni. Kwa hiyo SUV peke yake si dawa ya fedha, na uso uliobandikwa juu ya jukwaa la kuazima si dawa ya sura. McLaren, ambayo mwaka 2021 iliuza hata makao yake makuu ya Woking kwa pauni milioni 170 na kuanza kuyalipia kodi ya pango, inajua uzito wa kukosea.

Upande wa wanaokataa SUV kabisa una hoja bora kuliko wanavyopewa sifa. Mike Flewitt aliposimamia kampuni alisema mara nyingi kwamba McLaren haitaingia huko, na msimamo huo si wa hisia tu: kampuni ndogo haina wahandisi wa kutosha kufanya mambo mawili vizuri kwa wakati mmoja, na kila mhandisi anayepanga viti vya watoto haendelezi injini ya gari la spoti. Hiyo ni kweli na itabaki kweli. Nisichokubaliana nacho ni wazo kwamba SUV lazima iwe nzito na ya hovyo kwa asili yake. BMW i3 ya mwaka 2013, gari dogo la umeme ambalo hakuna aliyewahi kuliita la spoti, lilikuwa na chumba cha abiria cha nyuzi za kaboni, viti vinne, na milango ya nyuma inayofunguka kinyume bila nguzo katikati. Yalitoka kama robo milioni. Kwa hiyo chumba cha kaboni cha watu wanne kinawezekana kiwandani, na McLaren tayari wana kituo chao eneo la Sheffield kinachotengeneza mabeseni ya kaboni. Ubishi halali ni kama wanaweza kukishusha kizingiti cha mlango, ambacho kwenye 720S kiko juu na kipana kwa sababu ndicho kinachobeba nguvu ya beseni. Mama mzee hawezi kuruka kizingiti kile. Atakayetatua kizingiti hicho ndiye mbunifu wa kweli wa gari hili, na huenda jina lake tusilisikie kamwe.

Milango yenyewe itabishaniwa sana. Wengi wanataka milango inayopaa, kwa kuwa McLaren bila milango hiyo wanaiona pungufu. Mimi ningeiacha kwa mbele tu, na hata hapo kwa masharti. Mlango unaopaa kwenye gari la chini unasaidia mtu kuingia, kwa sababu unaondoa kipande cha paa juu ya kichwa chake. Kwenye gari refu paa halimsumbui mtu, basi mlango unapaa kwa ajili ya picha, na kwenye maegesho ya chini ya jengo unagonga dari. Ferrari walichagua milango ya nyuma inayofunguka kinyume, kwa umeme, kwa sababu iliwapa uwazi mkubwa wa kuingilia bila kurefusha umbali kati ya ekseli. Umbo la Purosangue ni fupi na limebana kuliko ambavyo lingekuwa na milango ya kawaida. Mlango wa aina hiyo unalipia nafasi yake.

Nikiambiwa nitabiri, ningesema SUV ya McLaren itakaribia Purosangue kwa ukoo kuliko Urus, ikiwa tu walio juu watakubali gharama ya jukwaa lao wenyewe. Michael Leiters, aliyeiongoza McLaren kuanzia Julai 2022 mpaka mabadiliko ya Aprili 2025, alitoka Ferrari ambako alikuwa mkuu wa ufundi wakati Purosangue inatengenezwa, na kabla ya hapo alishika miradi ya SUV Porsche. Vigumu kuamini kwamba mtu wa namna hiyo aliondoka bila kuacha karatasi yoyote mezani. Na matokeo yake yatakwenda mbali kuliko gari moja. Porsche walipokwisha kujifunza kujenga gari la milango minne lenye injini mbele, walitoa Panamera mwaka 2009 na Macan mwaka 2014, na leo 911 ni sehemu ndogo ya mauzo yao. Ferrari waliliona hilo wakajiwekea kikomo, Purosangue isizidi asilimia 20 ya magari wanayotoa. McLaren itakapolipia jukwaa la injini mbele haitalitumia mara moja tu. Gari la kwanza likitoka na boneti fupi, zito puani, basi ndugu zake watakaofuata kwa miaka 15 watarithi kosa hilo.

Jambo moja linanipa matumaini, na nashangaa linatajwa kwa nadra. McLaren waliwahi kujenga gari lenye injini mbele, ila lilibeba nyota ya Mercedes puani. SLR McLaren lilitengenezwa Woking kuanzia 2003, bodi ya nyuzi za kaboni, V8 ya lita 5.4 yenye kompresa, na wahandisi chini ya Gordon Murray waliisukuma injini ile nyuma mpaka ikapita ekseli ya mbele. Boneti ikawa ndefu kiasi kwamba dereva alikaa karibu na magurudumu ya nyuma, na matundu ya moshi yakatokea ubavuni, nyuma tu ya tairi la mbele, ili chini ya gari pabaki tambarare na hewa ipite vizuri. Zaidi ya 2,000 yalitoka pale. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo kwenye jengo lile, miaka 20 na ushee iliyopita. Picha za kwanza za gari la majaribio zitakapovuja, likiwa limefunikwa stika zile za michirizi nyeusi na nyeupe na plastiki za kudanganya macho, taa zitakuwa za bandia na bampa litakuwa la uongo. Stika haziwezi kuhamisha ekseli wala mlango. Nitachukua rula, niiweke kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka ufa wa mlango wa dereva, na nitailinganisha na SLR.